Seva Unayoweza Kuiacha Nyuma: Mwongozo Kamili wa Kusimamia na Kulinda Seva za Kampuni Mjini Goma

Alhamisi ya tarehe 27 Mei 2021, kabla hakujakucha vizuri, tangazo la kuhama lilitoka na sehemu kubwa ya Goma ikaanza kutembea. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka Jumamosi jioni iliyotangulia, lava ikasimama pembeni ya mji upande wa Buhene, na siku zote zile ardhi ilikuwa inatikisika. Wengine walishika njia ya Sake, wengine mpaka wa Gisenyi, sisi tukashuka bandarini kutafuta boti ya Bukavu. Nikiwa kwenye foleni, simu ikaita. Mama mhasibu wa depo moja niliyokuwa nikiwaangalizia seva.

— Kaka, ile diski ulibeba?
— Diski gani, mama?
— Ile ya bakapu.
— Iko juu ya seva.

Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Miaka minne ya mauzo na madeni ilikuwa ndani ya mashine moja, na nakala yake ya akiba imelala juu ya mgongo wa mashine hiyohiyo, chumba kimoja, kufuli moja. Depo haikuguswa, tukarudi, tukafungua, kila kitu kikawaka. Lakini tangu hapo nimegeuza mpangilio wa kazi yangu: seva yoyote ninayoisimika naipanga kama mashine ambayo siku moja nitaifungia mlango na kuondoka bila kuitazama tena. Ukianza na wazo hilo, mambo mengi ya usalama yanajipanga yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja au wawili wanaobeba seva chache za kampuni, zahanati, shule au shirika. Mifano nimeiandika kwa Ubuntu Server 24.04 LTS, ambayo inapata masasisho ya kawaida hadi mwaka 2029. Debian inafanana nayo sana. Mwenye Windows Server atakuta mantiki ni ileile, ila vitufe ni vingine.

Hatua ya kwanza: daftari

Nunua daftari la mistari, lile la mwanafunzi. Andika kila mashine: jina lake, anwani yake ya IP, iko chumba gani, inafanya kazi gani, nani ana ufunguo, na nani atalia ikifa. Ukimaliza seva, andika ruta, swichi, antena, kamera na printa. Utashangaa: karibu kila biro, yaani ofisi, ninayoingia nakuta kisanduku kimoja kinachowaka taa ambacho hakuna anayejua kilifungwa na nani.

Kwa nini karatasi? Kwa sababu siku seva itakapolala, faili lenye maelezo ya namna ya kuiamsha litakuwa limelala ndani yake.

Katika daftari hilo tenga ukurasa wa tarehe: lini jina la kikoa cha kampuni linaisha, lini cheti cha TLS, kinacholinda mawasiliano ya tovuti, kinaisha, lini leseni inaisha, nani analipia na kwa barua pepe ya nani. Usidharau ukurasa huu. Mwishoni mwa mwaka 2020 jina moja la kikoa ambalo seva za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) za .cd, yaani kikoa cha nchi yetu yote, zilikuwa zinalitegemea, liliachwa likaisha muda. Mtafiti wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth, aliliona linauzwa akalinunua yeye kabla ya mtu mbaya. Angelipata mwenye nia nyingine, angeweza kuwaelekeza kwake sehemu kubwa ya watu waliotafuta tovuti yoyote inayoishia na .cd. Nchi nzima, kwa jina moja ambalo halikulipiwa upya.

Hatua ya pili: umeme, radi na vumbi jeusi

Vitabu vya usalama huanza na wadukuzi. Goma huanza na umeme. Mashine nyingi nilizozika hazikuuawa na virusi, ziliuawa na umeme uliorudi kwa nguvu baada ya kukatika.

Seva iwe nyuma ya ondilere (UPS, kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika), na ondilere iwe imeunganishwa na seva kwa waya wa USB. Wengi wanasahau huo waya, kwa hiyo betri ikiisha seva inaanguka ghafla na hifadhidata inaharibika. Sakinisha NUT, programu inayosikiliza ondilere:

`sudo apt install nut`

Katika `/etc/nut/nut.conf` weka `MODE=standalone`, eleza ondilere yako katika `ups.conf` (nyingi za USB hutumia `driver = usbhid-ups`), kisha panga `upsmon` izime seva kwa utaratibu betri inapokaribia mwisho. Ukishaipa ondilere jina, utaiuliza hali yake hivi:

`upsc ondilere@localhost battery.charge`

Halafu fanya jaribio la kweli: siku ya Jumamosi, wafanyakazi wakiwa wameondoka, chomoa ondilere ukutani na ukae kwenye kiti utazame. Hesabu dakika. Andika kwenye daftari. Betri iliyotangazwa kubeba dakika 20 ikibeba 4, ni bora uijue Jumamosi.

Jenereta nayo ina shida yake. Inapoanza, umeme wake unayumba, na ondilere ya bei ndogo inaukataa na kubaki kwenye betri hadi iishe, huku jenereta inanguruma nje na bosi anakuuliza mafuta yanakwenda wapi. Nunua ile inayonyoosha umeme yenyewe kabla ya kuupitisha.

Radi ni habari nyingine. Mashariki ya Kongo ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na sisi tumejenga juu ya jiwe. Kule Masisi fundi anapigilia nondo ya shaba ardhini, anafunga waya, amemaliza. Hapa nondo inagonga lava baada ya mkono mmoja, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Mwambie fundi achimbe mfereji mrefu badala ya shimo, alaze waya wa shaba usio na ganda, aufunike kwa udongo mzuri ulioletwa, kisha apime kwa kifaa mbele yako. Ohm 10 au chini ya hapo, mlipe. Akikuambia «iko sawa» bila kupima, bado hujapata erthi.

Na kuna njia ambayo radi huipenda zaidi: kebo ya shaba inayoshuka kutoka kwenye antena ya paa. Radi si lazima ipige antena yenyewe, ikipiga karibu tu inatosha. Nimewahi kufungua swichi yenye milango 24 nikakuta 11 imekufa, pamoja na kadi ya mtandao ya seva. Dawa yake ni ndogo: kata ile njia ya shaba kwa kipande cha faiba. Kigeuzi kimoja upande wa antena, faiba ya mita mbili, kigeuzi kingine upande wa swichi, na kila kigeuzi kitumie umeme wake tofauti. Kioo hakipitishi radi.

Vumbi: hewa ya hapa ni ya baridi kiasi, kwa hiyo wengi hawanunui kiyoyozi, wanafungua dirisha. Lile vumbi jeusi la lava linaingia kwenye feni na kusaga kama msasa. Weka chujio kwenye dirisha, na kila baada ya miezi mitatu zima, fungua, pulizia. Basi.

Hatua ya tatu: kusimika bila kujitegea mtego

Chagua usakinishaji mdogo, bila skrini ya picha. Simba (yaani fumba kwa neno la siri) diski nzima kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, wakati wa kusakinisha kama seva ina data za wateja au wagonjwa, kwa sababu mwizi wa kawaida hapa hapiti kwenye intaneti, anapita dirishani. Kuna gharama: kila seva inapowaka, mtu lazima aandike neno la siri la diski. Kwa zahanati ninakubali gharama hiyo. Kwa seva ya printa sikubali.

Angalia kibodi. Kibodi zetu nyingi ni za Kifaransa, AZERTY, na kisakinishi kinadhani ni QWERTY. Utaandika neno la siri lenye `a`, `q`, `m` au namba, litakubaliwa mara mbili, kisha wiki ijayo utaingia kutoka laptopu yenye mpangilio mwingine na seva itakukatalia kana kwamba haijawahi kukuona. Chagua mpangilio kabla ya kuandika neno la siri la kwanza. Mimi kwa maneno ya siri ya dharura natumia herufi ambazo zinakaa mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili, na namba sitii kabisa.

Saa nayo. Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kampuni yenye makao makuu Kinshasa na tawi hapa itakuwa na kumbukumbu (logi) mbili zinazopishana saa nzima, na siku ya kutafuta nani alifuta faili mtagombana bure. Weka eneo la saa, na chrony ya kulinganisha saa kupitia mtandao:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`
`sudo apt install chrony`

Ndiyo, Lubumbashi. Katika orodha ya maeneo ya saa, mashariki yote ya nchi inabeba jina hilo. Mwenye seva za miji yote miwili aziweke zote kwenye UTC, saa ya pamoja ya dunia, na kugeuza wakati wa kusoma.

Hatua ya nne: nani anaingia, na kwa mlango gani

Biro nyingi zina mtumiaji mmoja, `root`, na neno moja la siri ambalo hata kijana aliyeacha kazi mwaka juzi bado analikumbuka. Tuondoe hilo leo.

Tengeneza akaunti ya kila msimamizi kwa jina lake:

`sudo adduser furaha`
`sudo usermod -aG sudo furaha`

Kwenye laptopu ya Furaha, si kwenye seva, tengeneza jozi ya funguo za SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Ikikuuliza neno la kulinda ufunguo, usibonyeze tu ukapita, liandike:

`ssh-keygen -t ed25519`
`ssh-copy-id furaha@10.20.10.5`

Jaribu kuingia kwa ufunguo. Ukiingia, ndipo ufunge milango mingine. Tengeneza faili `/etc/ssh/sshd_config.d/10-biro.conf` lenye mistari hii:

`PermitRootLogin no`
`PasswordAuthentication no`
`KbdInteractiveAuthentication no`
`AllowUsers furaha`

Hapa tulia kidogo. Namba 10 mwanzoni mwa jina la faili nimeiweka makusudi. SSH husoma mafaili hayo kwa mpangilio, na thamani inayosomwa kwanza ndiyo inayoshinda. Ubuntu mara nyingi huwa na faili lingine, `50-cloud-init.conf`, linalosema maneno ya siri yaruhusiwe. Ukiandika lako kama `99-biro.conf`, utadhani umefunga mlango kumbe umefunga pazia. Kwa hiyo usiamini ulichoandika, iulize seva yenyewe inafuata nini:

`sudo sshd -t`
`sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication`

Amri ya kwanza ikinyamaza, hakuna kosa la maandishi. Ya pili lazima ijibu `no`. Kisha:

`sudo systemctl reload ssh`

Usifunge dirisha ulilomo. Fungua dirisha la pili, ingia upya. Ukiingia, funga la kwanza. Ukikataliwa, bado una la kwanza la kurekebishia. Mwenzangu mmoja alipuuza hili kwenye seva iliyoko Butembo, yeye akiwa Goma.

Na ufunguo wa pili uwepo, wa mtu wa pili, siku zote, na jina lake liongezwe kwenye mstari wa `AllowUsers`. Msimamizi mmoja mwenye ufunguo mmoja ni hatari kubwa kuliko mdukuzi. Anaugua, anasafiri, anagombana na bosi.

Hatua ya tano: gawa mtandao

Mtandao ambamo kamera za ukutani, simu za wageni, printa na seva ya mishahara vinaonana ni kama mtaa wa Birere saa sita mchana: kila mtu anapita karibu na mfuko wa mwenzake. Gawa kwa VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja. Mgawanyo wangu wa kawaida: 10 seva, 20 wafanyakazi, 30 kamera, 40 wageni, 90 usimamizi. Swichi inayoelewa VLAN inahitajika, na zilizotumika zinapatikana kwa bei nzuri.

Kamera ndizo ninazoziogopa kuliko vyote. Zinakuja na neno la siri la kiwandani, hazisasishwi, na fundi aliyezifunga amezifungulia mlango wa intaneti ili bosi azitazame akiwa nyumbani Himbi. VLAN 30 isiruhusiwe kutoka nje wala kuzungumza na seva nyingine yoyote isipokuwa kinasa chake.

Kwenye seva yenyewe washa ngome (`ufw`), inayochuja nani anaingia. Kwanza ona ni milango gani ya mtandao (port) inasikiliza:

`sudo ss -tulpn`

Kila mstari usioweza kuueleza, zima huduma yake au uichunguze. Kisha:

`sudo ufw default deny incoming`
`sudo ufw default allow outgoing`
`sudo ufw allow from 10.20.90.0/24 to any port 22 proto tcp`
`sudo ufw allow from 10.20.20.0/24 to any port 443 proto tcp`
`sudo ufw enable`

Hapo wafanyakazi wanafikia programu yao ya biashara, na SSH inafikiwa kutoka mtandao wa usimamizi peke yake. Kama unatumia Docker (programu ya kuendesha huduma ndani ya makasha), jua kwamba milango inayoifungua inapita pembeni ya `ufw` bila hodi. Uifunge kwa anwani ya ndani, kwa mfano `127.0.0.1:8080:80`, na uweke seva ya wavuti mbele yake.

Ruta: MikroTik zimejaa mji huu, na ni mashine nzuri, lakini mlango wa Winbox, programu ya kuzisimamia, yaani 8291, usionekane kutoka intaneti. Mwaka 2018 kasoro ya Winbox ilitumika kuteka ruta nyingi sana duniani, baadhi zikalazimishwa kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa wenyewe, miezi kadhaa baada ya dawa kutolewa.

Na kwa bosi anayetaka kufanya kazi akiwa safarini Kampala au Dubai, usifungue RDP (njia ya Windows ya kufungua skrini kwa mbali) wala SSH kwa dunia nzima. Tumia WireGuard, njia ya siri (VPN) kupitia intaneti, ambayo kwa kawaida husikiliza UDP 51820. Kompyuta za nje zikiwa nyuma ya mtandao wa simu, weka `PersistentKeepalive = 25` ili njia isifungwe. Na kama mtoa huduma wako hakupi anwani ya hadharani, jambo la kawaida kwetu, kodi seva ndogo nje ya nchi iwe kituo cha kukutania: biro inaipigia, laptopu inaipigia, wanakutana hapo.

Hatua ya sita: masasisho, hata kama megabaiti ni ghali

Najua hesabu yake. Kompyuta 30 zikipakua sasisho lilelile mara 30, intaneti ya mwezi imekwenda. Kwa hiyo sakinisha `apt-cacher-ng` kwenye seva moja. Inasikiliza mlango 3142, sasisho linapakuliwa mara moja na wengine wanalichukua hapo ndani. Upande wa Windows, Delivery Optimization inafanya kazi inayofanana na hiyo, kompyuta zinagawiana. Kisha:

`sudo apt install unattended-upgrades`
`sudo dpkg-reconfigure -plow unattended-upgrades`

Masasisho ya usalama yatajisakinisha. Kuwasha upya mimi hupanga usiku wa manane, lakini kwa seva yenye diski iliyosimbwa nakuja mwenyewe, kwa sababu ile ya neno la siri.

Anayeona hii ni kazi ya kuahirisha akumbuke WannaCry, virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia. Microsoft ilitoa dawa yake Machi 2017. Virusi vikalipuka tarehe 12 Mei. Karibu miezi miwili mizima watu walikuwa na dawa mkononi. Na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo zile laptopu za mapokezi zianze kuwekwa kwenye VLAN yao peke yake leo, hata kama fedha ya kuzibadilisha itatoka mwakani.

Hatua ya saba: nakala za akiba, na hapa nitakaa

Kanuni inajulikana: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja mbali. Neno «mbali» ndilo linalochezewa. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Nakala iliyo mtaa wa Katindo kwa data zilizo Birere haiko mbali. Bukavu ni mbali kidogo. Lubumbashi, Nairobi au wingu ni mbali.

Kwanza, usinakili mafaili ya hifadhidata ikiwa inafanya kazi. Utapata nakala nzuri kwa macho na iliyooza ndani. Itoe kwa njia yake:

`sudo -u postgres pg_dump -Fc duka > /srv/akiba/duka.dump`

Kisha nakili kwa restic, ambayo inasimba kila kitu kabla hakijatoka na inatuma yale yaliyobadilika tu:

`restic -r rest:http://10.20.10.9:8000/duka init`
`restic -r rest:http://10.20.10.9:8000/duka backup /srv`

Upande wa pili, mashine ya akiba inaendesha `rest-server` yenye chaguo la `--append-only`. Chaguo hilo ni roho ya mpango mzima. Wezi wanaoteka data na kudai fidia wakiingia kwenye seva yako, jambo la kwanza wanalotafuta ni nakala za akiba ili wazifute. Kwa `--append-only`, seva inaweza kuongeza nakala mpya lakini haiwezi kufuta za zamani, hata ikiwa imetekwa mzimamzima. Kusafisha nakala zilizozeeka kunafanyika kwenye mashine ya akiba yenyewe, kwa mkono wako:

`restic -r /srv/restic/duka forget --keep-daily 7 --keep-weekly 5 --keep-monthly 12 --prune`

Ya mbali je? Piga hesabu kabla ya kuahidi. Gigabaiti 200 kwa njia ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, isiyokatika hata mara moja, ni karibu saa 89, siku tatu na nusu na zaidi. Kwa hiyo nakala ya kwanza haisafiri kwa intaneti. Inasafiri kwa boti. Jaza diski hapa, ikiwa imesimbwa tayari na restic, mpe mtu unayemwamini aipeleke Bukavu, kisha kuanzia hapo tuma mabadiliko ya kila usiku, ambayo kwa depo ya kawaida ni megabaiti chache. Mwenye boti akiipoteza ziwani, umepoteza chuma tu.

Neno la siri la restic ukilipoteza, nakala zote ni takataka. Hakuna wa kumpigia simu. Liandike mara mbili, kila moja kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa saini juu ya gundi. Moja kwa bosi, moja nje ya mji.

Hatua ya nane: kusoma kumbukumbu

Hutaweza kusoma kila mstari. Chagua vitu vitatu kila asubuhi, dakika kumi na chai yako: nani ameingia (`last -n 20`), nini kimeshindwa (`journalctl -p err --since yesterday`), na kama nakala ya jana usiku imefika. Kumbukumbu zitumwe pia kwenye mashine nyingine, maana anayevunja nyumba huzima taa kwanza.

Zaidi ya hapo, ijue seva yako inavyopumua siku ya kawaida. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri uliofichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, kwa sababu kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde! Mtu asiyejua kawaida yake isingemwasha.

Hatua ya tisa: watu

Siku mfanyakazi anapoondoka, akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo, kabla hajapewa mkono wa kwaheri. `sudo usermod -L -e 1 jina`, halafu ondoa funguo zake kwenye `authorized_keys`, halafu ondoa ufunguo wake wa WireGuard. Kufunga neno la siri peke yake hakuzimi ufunguo. Mwambie mkuu wa wafanyakazi kwamba anapoandika barua ya kuachisha, wewe ndiye mtu wa pili kujua.

Bosi akitaka haki za msimamizi kwa sababu yeye ni bosi, usigombane. Mpe ile bahasha. Mweleze, kwa heshima, kwamba kwa akaunti yake ya kawaida barua pepe yenye virusi itaharibu faili zake tu, na kwa akaunti ya msimamizi itaharibu kampuni. Wengi wanaelewa. Na ukiwa na data za wagonjwa au wateja, mkumbushe kwamba Kanuni ya Dijitali, sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inazungumzia data za watu, kwa hiyo uvujaji si aibu ya fundi peke yake.

Hatua ya kumi: zoezi la kuondoka

Mara moja kila miezi mitatu, chukua kompyuta tupu, nenda nayo mahali pengine, na ujifanye seva haipo tena. Una daftari, bahasha na intaneti. Hakuna kumpigia simu aliye karibu na seva. Washa saa.

`restic -r rest:http://10.20.10.9:8000/duka restore latest --target /srv/jaribio`

Anwani hiyo badilisha iwe ya nakala ya mbali, maana ya ndani umeshaiacha na mji. Zoezi linaisha pale mhasibu anapofungua programu na kuona ankara ya jana, si pale mafaili yanapotokea kwenye skrini.

Mara yangu ya kwanza, na ile depo ya diski iliyolala juu ya seva, tulitumia saa 6 na dakika 40. Data zilirudi kwa saa moja na nusu tu. Muda uliobaki tulikuwa tunatafuta namba ya leseni ya programu ya uhasibu, ambayo ilikuwa ndani ya barua pepe, na barua pepe ilikuwa kwenye seva tuliyojifanya imeungua. Mama mhasibu aliinuka, akachukua kalamu, akaiandika ile namba kwa mkono nyuma ya bahasha. Mara ya pili tulimaliza kwa saa 2 na dakika 5.